Kuzunguka Ukuta Kwanza: Somo kwa Wanaoanza Kulea Vijana Jijini

Masomo ya kusoma nyumbani: Nehemia 2:11–18; Nehemia 3; Yeremia 29:4–7

Mwezi huu vijana wanne wa kanisa letu wamekubali kubeba kazi ya kulea wadogo zao, wale wa miaka 10 hadi 17. Wawili kati ya hao wanne hawajamaliza hata mwaka mmoja hapa Johannesburg. Mmoja alinishika mkono mlangoni baada ya ibada akaniuliza, "Mama, naanzia wapi?" Nilikuwa nawahi zamu, nikamjibu haraka haraka kwamba aanze na maombi na ratiba. Maombi sawa. Kuhusu ratiba nilimjibu vibaya, na somo la leo ni jibu nililopaswa kumpa. Wazazi nanyi msome, maana watoto wanaosemwa humu ni wenu.

Tuanze na Nehemia. Alitoka Shushani, alikokuwa mnyweshaji wa mfalme, akaja Yerusalemu na barua za mfalme mkononi na askari wa kumsindikiza. Mtu mwenye barua kama zile angeweza kuitisha mkutano siku hiyo hiyo na kuanza kuamuru. Yeye alikaa siku tatu kimya. Kisha akatoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Akapita Lango la Bonde, akaenda mpaka Lango la Jaa, akiutazama ukuta jinsi ulivyobomoka. Kuna mahali kifusi kilikuwa kingi hata mnyama wake akakosa pa kupita. Wakuu wa mji hawakujua alikokwenda wala alichokuwa akifanya. Alipokwisha kuona kwa macho yake ndipo akasema nao habari ya kujenga, na alipozungumza alijihesabu pamoja nao.

Mimi nilifanya kinyume chake.

Nilifika jiji hili nikitokea Kigoma, shahada yangu ya uuguzi ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki ili isiloane. Nikisubiri kusajiliwa na Baraza la Wauguzi, nilikuwa namlea bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwake siku tano kwa wiki. Jumamosi nilikuwa huru, na kanisa nililokuwa nasali wakati ule, ambalo si hili, lilitafuta mtu wa vijana. Wiki ya pili tayari nilikuwa na ratiba niliyoibandika ukutani kwa kalamu za rangi tatu: kwaya, mpira, mashindano ya kukariri maandiko, gitaa. Vijana walijaa. Nikaona nimefaulu.

Mwezi wa tatu, binti mmoja wa miaka 14 alibaki nyuma kunisaidia kukunja viti. (Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike.) Akasema, "Anti, nikikuambia kitu, unaahidi hutamwambia mtu?" Nikaahidi. Niliahidi kabla sijasikia.

Familia yao ilikaa katika chumba kimoja cha ghorofa, kimegawanywa kwa pazia kama vyumba vingi tunavyovijua. Upande wa pili wa pazia aliishi mwanamume waliyemwita mjomba, ingawa hakuwa ndugu. Alisaidia kulipa kodi. Baba aliondoka saa kumi na nusu alfajiri kwenda kulinda magari, mama alisuka nywele mjini mpaka jioni. Alichonieleza binti yule sitakiandika. Nesi yeyote angejua kwamba jambo lile halingoji kesho, na mimi nilikuwa nesi.

Nilinyamaza wiki tatu. Nilifunga, niliomba, nilimpa binti chakula cha kwenda nacho nyumbani. Sikujua mfanyakazi wa ustawi wa jamii anapatikana jengo gani. Niliogopa kwamba polisi wataanza kwa kuuliza karatasi za wazazi. Na zaidi ya yote nilikuwa nimeahidi. Mwisho wa mwezi kodi ikapanda, familia ikahama, simu ya mama ikawa haipatikani. Nilipokuja kujifunza sheria nilikwenda kutoa taarifa, nikiwa nimechelewa miezi saba. Sikuwa na anwani mpya, na jina la ukoo nililokuwa nalo sikuwa na hakika nalo. Afisa aliandika nilichokuwa nacho, mistari minne. Sijamwona binti yule tena mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu zangu wanne, neno langu la kwanza kwenu ni hili: mtoto akikuomba uahidi siri, usiahidi. Mwambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: "Nitakusikiliza, sitakutangaza. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, nitamwambia mtu anayeweza kumzuia, na wewe nitakueleza kwanza ni nani." Wengine watanyamaza siku hiyo. Wengi hurudi. Mtoto anayesikia ukweli kabla ya kufungua kinywa hujua ukweli huo utabaki hata baada ya kukifungua.

Siri na faragha

Watu huchanganya mambo haya mawili, hata wauguzi wakiwa wapya. Wodini hatuzungumzi habari za mgonjwa kwenye lifti wala kwenye foleni ya chai. Hiyo ni faragha, na kuivunja ni kosa. Lakini saa moja jioni, zamu ya mchana ikikabidhi kwa zamu ya usiku, tunapita kitanda kwa kitanda tukiambiana kila kitu kinachohitajika ili mgonjwa aione asubuhi. Nesi anayeficha kidonda kwa sababu mgonjwa alimwomba asiseme, akaenda nyumbani kulala, hajamtunzia mgonjwa faragha. Amemwacha.

Kazi ya vijana nayo ina zamu. Wewe utahama, utapata kazi Cape Town, utaolewa. Alichokuambia mtoto kikibaki kichwani mwako peke yako, kitaondoka na wewe.

Kuna mambo ambayo kweli hubaki kwa mtoto, na hapa najua baadhi ya wazazi hawatanipenda. Katika nchi hii, kijana aliyefikisha miaka 12 anaweza kupimwa VVU kwa ridhaa yake mwenyewe, na anaweza kupewa njia za kuzuia mimba kliniki bila mzazi kutia sahihi, na kliniki inapaswa kulinda faragha yake. Mtoto wako akinieleza kwamba amekwenda kupima, sitakupigia simu. Nitamwambia, "Twende tumwambie mama pamoja," na nitarudia kumwambia hivyo mpaka achoke na mimi. Lakini mlango huo ataufungua yeye. Anayeumizwa, anayebakwa, anayenyimwa chakula, anayetaka kujiua: hayo si ya kubaki kwangu hata saa moja.

Malango ya mji huu

Nehemia alijua kila lango kwa jina. Haya ndiyo yetu.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya mwaka 2005, kifungu cha 110, inawataja watu wanaolazimika kutoa taarifa wakiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto amepigwa akaumia, amedhulumiwa kingono au ametelekezwa kwa makusudi. Wauguzi wamo. Walimu wamo. Wachungaji wamo. Mtu mwingine yeyote anaruhusiwa kutoa taarifa, na anayeitoa kwa nia njema hawezi kushitakiwa kudai fidia kwa sababu hiyo. Taarifa huandikwa kwenye Fomu 22. Milango ni mitatu: shirika la ulinzi wa watoto lililoidhinishwa, idara ya maendeleo ya jamii ya mkoa, au polisi. Anayeogopa mlango mmoja kwa sababu ya karatasi aingie mwingine. Kifungu cha 28 cha Katiba kinazungumza juu ya kila mtoto, hakichagui aliyezaliwa Soweto na aliyezaliwa Bukavu.

Dhuluma ya kingono ina uzito wa pekee. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka yeyote anayejua kwamba mtoto ametendewa kosa la namna hiyo awaambie polisi mara moja, na anayenyamaza anaweza kufungwa mpaka miaka mitano. Si nesi tu, si mchungaji tu. Yeyote, mpaka jirani upande wa pili wa pazia. Polisi wana kitengo cha kazi hii, watu hukiita FCS. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Thuthuzela, ambako mtoto hupata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja badala ya kurudia hadithi yake ofisi baada ya ofisi. Baragwanath kule Soweto wanacho.

Naomba kila mmoja akumbuke namba hii: saa 72. Aliyebakwa akifika hospitali ndani ya saa 72, anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU zisishike mwilini, na mapema zaidi ndiyo bora. Wiki zangu tatu za kufunga na kuomba zilikuwa saa 504. Nimezihesabu mara nyingi.

Na namba nyingine, ya simu: 116. Ni Childline, haitozwi pesa, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na wewe mlezi uliyechanganyikiwa saa tano usiku unaweza kupiga uulize ufanyeje.

Kabla hujamchunguza mwingine, wewe nawe utachunguzwa. Nchi hii ina orodha ya watu wasiofaa kufanya kazi na watoto, Sehemu B ya Orodha ya Taifa ya Ulinzi wa Watoto. Unajaza Fomu 30 kuomba kuthibitishiwa kwamba jina lako halimo. Iko pia orodha ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, chini ya wizara ya sheria. Mzee mmoja aliniambia kuwajazisha fomu watoto wa kanisa ni kuwakosea imani. Nilimuuliza kama angekubali nimchome sindano bila kuuliza nilisomea wapi. Akacheka, akajaza ya kwanza.

Mengine ni ya kawaida lakini msiyadharau: watu wazima wawili daima, mlango wazi, na hakuna ujumbe wa WhatsApp wa wewe na mtoto peke yenu. Yote yapite kwenye kundi ambalo mzazi mmoja yumo.

Kutembea

Sasa mji wenyewe. Msianze na gitaa. Anzeni na miguu. Shukeni Rockey na Raleigh mpaka sokoni Yeoville, mnunue sombe na dagaa, mkae mzungumze na wamama wauzaji. Jifunzeni alama za vidole za teksi; kidole kimoja juu maana yake mjini, na mtoto wa miaka tisa atawacheka msipoijua. Mwacheni acheke, siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Nendeni Bertrams, nendeni Rosettenville. Jueni maktaba inafungwa saa ngapi, kona ipi vijana wanauziwa nyaope, na nani anarudi nyumbani peke yake saa nane mchana akifungua kwa ufunguo unaoning'inia shingoni.

Ingieni nyumbani, mkialikwa, na muwe wepesi kuondoka. Mtaona mambo ambayo hayaonekani Jumapili. Mtaona kwamba mtoto anawajibu wazazi kwa Kiingereza na kuwatukana wenzake kwa Kizulu, na Kiswahili amekiacha kwa maombi ya chakula. Mtaona mtoto akisoma barua ya mwenye nyumba na kumfasiria baba yake. Mimi nimemwona kliniki mvulana wa miaka 11 akimfasiria mama yake maswali ya nesi kuhusu hedhi na kutoka damu. Alikuwa anatazama sakafu. Mama alikuwa anatazama ukuta. Nilikuwa kwenye foleni, si kazini, nikainuka nikamwambia mvulana akanunue soda, nikafasiri mimi. Mlezi wa vijana anayejua lugha mbili anaweza kumrudishia mtoto utoto wake kwa nusu saa tu kliniki. Hilo halimo katika ratiba yoyote niliyowahi kubandika.

Mkiwauliza wazazi kwa nini mtoto hatoki kucheza, wengine watawatajia Mei 2008, fujo zilipoanzia Alexandra na watu zaidi ya 60 wakauawa. Msiwaambie kwamba yamepita. Sikilizeni. Lakini watoto nao wana haki ya kuujua mji huu kwa upande wake mwingine. Wapelekeni Orlando West, kwenye makumbusho ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mtoto wetu anayechekwa kwa lafudhi yake atajua kwamba wenyeji wake nao walipigania lugha.

Neno kwa wazazi kuhusu kiboko

Najua mtakachoniambia: "Hawa walezi watawafundisha watoto kutushitaki." Nimelisikia jikoni, nimelisikia kwenye ubatizo. Basi tuseme wazi. Tarehe 18 Septemba 2019, Mahakama ya Katiba, hapa hapa Braamfontein, ilifuta ile kinga ya zamani iliyomruhusu mzazi kusema mahakamani kwamba alimpiga mtoto kwa kumrudi kwa kiasi. Kesi ilianza na baba mmoja wa jiji hili aliyempiga mwanawe wa miaka 13. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, ambaye mwenyewe ni mhubiri, kwa hiyo tusiseme ni maneno ya watu wasiomjua Mungu.

Haina maana kwamba kila kofi litaleta gari la polisi au kwamba watoto watachukuliwa. Ina maana kwamba kiboko hakina tena mahali pa kujificha. Mimi nimepigwa nikiwa mtoto na namheshimu mama yangu. Bado, miaka ya kusafisha migongo ya watoto imenitosha. Mzazi aliyeshindwa na kijana wake aje tuketi, kabla mkono haujainuka. Hiyo nayo ni kazi ya hawa vijana wanne: kuwa mtu wa tatu katika chumba ambamo baba na mwana hawasikilizani.

Waliotutangulia

Hamuanzi jangwani. Mwaka 2008 shule ya Sacred Heart, pale Observatory, jirani kabisa na Yeoville, iliona watoto wakimbizi ambao hawakuwa shuleni. Haikujenga jengo. Iliangalia ilichonacho: madarasa yanayobaki matupu wanafunzi wake wakienda nyumbani. Wakafungua masomo ya mchana, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, ili mtoto ajiandae kuingia shule ya serikali. Wenzetu wa Kiingereza huhesabu saa hizo tatu mpaka sita, ndiyo maana mradi ukaitwa Three2Six. Miongoni mwa waliofundisha walikuwa walimu ambao wenyewe ni wakimbizi.

Nao mlango wa shule za serikali umepanuka. Desemba 2019 mahakama kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa kukosa hati. Bado kuna makatibu wa shule ambao watakwambia vinginevyo dirishani. Mlezi wa vijana aende na mzazi, asimame naye pale dirishani, aombe kwa adabu kuonana na mwalimu mkuu. Mara nyingi kusimama wawili kunatosha.

Someni Nehemia 3 mkiwa na subira. Ni orodha ya majina tu, na wengi huiruka. Humo kuna wafua dhahabu, wafanya manukato, mtu na binti zake, na wengi walijenga kipande kilicho mbele ya nyumba zao wenyewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

Mtoto wako akiumizwa leo, ni mtu mzima gani nje ya nyumba angemwambia? Muulize yeye, usimjibie.

Nani analala katika nyumba yenu ambaye hamkumjua kabla ya kupangisha naye? Watoto wanabaki naye saa ngapi?

Ni mambo gani mtoto wenu anawafasiria, ambayo hakupaswa kuyasikia?

Soma tena Nehemia 2:12. Kwa nini unadhani hakumwambia mtu yeyote mapema?

Fomu 30 ziko mezani karibu na mlango wa nyuma. Kila anayetaka kusaidia katika darasa la vijana, hata wa kupika chai, ajaze na alete nakala ya hati aliyo nayo. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakutana mbele ya maktaba ya Yeoville, wale wanne pamoja na mzazi yeyote anayependa, tutembee mpaka kliniki, kituo cha polisi na ofisi ya ustawi wa jamii, tujue watu kwa majina. Vaeni viatu vya kutembelea. Gitaa libaki nyumbani.